Magoti ya Mwalimu

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Makasi, basi, ingawa makasi yenyewe aliyaweka kando miaka mingi nyuma na siku hizi alinyolea mashine. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kiligoma kuzunguka, na benchi la ukutani lisilokosa watu. Wengine walikuja hawana hata unywele wa kunyoa, walifuata maneno. Makasi alikuwa na mdomo. Aliweza kumnyoa mtu ndevu huku anamchekesha, na mtu asikatwe, kwa sababu alijua kunyamaza sekunde ile wembe unapofika kooni.

Alichojivunia kuliko mashine zake zote ni miguu yake. "Nasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni," alikuwa akisema, akijipiga mapaja. "Miaka thelathini na moja. Mmewahi kunisikia nalalamika? Goti ukilisikiliza sana linadeka."

Benchi lilicheka, na kila mtu alijua nani anasemwa hapo. Alikuwa anamsema mkewe.

Mkewe ndiye Mwalimu. Alifundisha chekechea, watoto wa miaka minne na mitano, kwenye shule ya mtaa wa pili, na watu wazima wenye ndevu zao walikuwa bado wanamwamkia kwa heshima kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kushika penseli. Kazi yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa ya kupiga magoti. Kamba ya kiatu imefunguka, anapiga magoti. Mtoto analilia mama yake, anapiga magoti. Alikuwa na imani kwamba mtoto hakusikii mpaka macho yako yawe sawa na yake, kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita alishuka na kupanda, akashuka na kupanda, na alipochoka alikalia viti vile vidogo ambavyo ukikaa magoti yanakaribia kidevu.

Yalipoanza kumuuma, yalianza taratibu. Asubuhi magoti yote mawili yanakuwa magumu, inabidi akae ukingoni mwa kitanda ayakunje na kuyakunjua kwanza ndipo yakubali kusimama. Kisha yakaanza kulia, kama mtu anakanyaga changarawe. Wao walikaa ghorofa ya pili, ngazi thelathini na mbili, na ikafika siku Mwalimu akawa anashuka kinyumenyume, mkono kwenye chuma, kwa sababu kushuka kwa mbele kulimtoa machozi. Kwenye zahanati walimwambia magoti yamesagika, ni umri, punguza uzito, fanya mazoezi, meza hivi. Uzito aliupunguza. Mazoezi alifanya, akilala chali sebuleni na kuinua mguu mmoja mmoja. Vidonge vikamchoma tumbo, akaacha.

Makasi aliyaona yote hayo. Akayapeleka saluni. "Nyumbani kwangu hatuhitaji taarifa ya hali ya hewa," aliwaambia. "Mke wangu ana magoti. La kulia likiuma ni mawingu, la kushoto likiuma toa nguo kwenye kamba." Hata Mwalimu mwenyewe aliwahi kucheka aliposikia. Mara ya kwanza alicheka.

Jumamosi moja kwenye kiti alikaa mteja mmoja mpole, mtaalamu wa eksirei kwenye hospitali kubwa. Makasi alimnyoa kila baada ya wiki mbili na hakuwahi kupata zaidi ya maneno kumi kutoka kwake. Siku hiyo benchi lilipocheka utani wa magoti, yeye hakucheka.

"Shemeji amepimwa?" aliuliza.

"Wamemwambia yamesagika. Uzee, ndugu yangu. Hata hii mashine yangu imesagika."

"Siku hizi kuna matibabu. Kitengo chetu tunafanya." Yule bwana akageuza shingo, ikabidi Makasi ainue mashine. "Goti likisagika, mwili unaotesha vimishipa vidogo vya damu kwenye utando wa goti. Hivyo ndivyo vinavyolisha uvimbe na maumivu. Sasa daktari anatoboa hapa kwenye kinena, tundu dogo kama la sindano, anapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa. Anaufuatisha huku anatazama kwenye skrini. Ukifika gotini anamwaga chembe ndogo kuliko mchanga, zinaziba vile vimishipa vibaya. Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Jioni mgonjwa yuko kwake."

"Hamna na chembe za kuziba midomo? Niletee za hawa wa kwenye benchi."

Benchi likaangua kicheko. Yule bwana alitabasamu kidogo, akangoja kicheko kiishe.

"Goti halirudi jipya," alisema. "Kilicholika kimelika. Lakini maumivu yanapungua, na kwa wengi yanapungua sana. Ila aje mapema, goti likiwa bado lipo. Likishaisha kabisa, sisi tena hatusaidii. Mwambie aje Jumatano yoyote asubuhi, aniulizie."

"Nitamwambia," alisema Makasi, akamfuta shingo kwa brashi.

Hakumwambia.

Jioni ile alisahau, kwa kweli kabisa. Kesho yake alikumbuka, wakiwa mezani na chai, Mwalimu anakata karatasi za rangi kutengeneza namba za darasani na mguu ameunyoosha juu ya kiti kingine. Maneno yalifika mpaka ulimini. Akanywa chai. Kuna alichokuwa anakitaka ambacho hakuwahi kukisema hata kwenye benchi: alitaka mkewe akae nyumbani. Watoto wao walikuwa wakubwa, kipato cha saluni kiliwatosha, na kila siku saa saba mchana yeye alikula mkate mkavu saluni huku wenzake wakiletewa chakula cha moto na wake zao. Alikuwa amemwomba aache kazi mara tatu, na mara tatu Mwalimu alimtazama kama anavyomtazama mtoto anayeomba kutoka nje wakati wa hesabu. Sasa magoti yalikuwa yanamshawishi kuliko yeye alivyowahi kumshawishi. Makasi hakupanga kitu. Mtu angemwambia alipanga, angeapa kwamba hakupanga. Aliyaacha tu yafanye kazi yake.

Yule mtaalamu wa eksirei alikuja tena baada ya wiki mbili, akauliza, akaambiwa shemeji anafikiria. Baadaye akaulizia tena, akaambiwa anaogopa hospitali. Hakuuliza tena, na baada ya muda akahamia upande mwingine wa mji, akawa ananyolewa huko.

Miezi minane ikapita. Siku moja Mwalimu alipiga magoti kumfunga mtoto kamba ya kiatu akashindwa kuinuka. Watoto walidhani ni mchezo, wakampanda mgongoni. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuja kumnyanyua, na msaidizi wa jikoni akamshika upande wa pili. Wiki hiyohiyo aliandika barua ya kuacha kazi. Alirudi nyumbani saa sita mchana, akavua viatu, akakaa.

"Nimewaachia," alisema.

"Umefanya vizuri, Mwalimu," Makasi alijibu. "Pumzika sasa." Na ndani yake, aibu ilioje, kulikuwa na furaha.

Chakula cha moto alikipata. Mwezi wa kwanza alikuwa anapanda ngazi saa saba kasorobo huku anapiga mluzi. Kisha akaanza kuona kwamba mwenzake hali chakula pamoja naye. Anapakua, anakaa dirishani. Kutoka dirishani kwao shule haionekani, lakini kengele yake inasikika, na Mwalimu alikuwa anajua kila kengele ni ya nini. "Hao wananawa mikono," anasema peke yake. Wakati mwingine hasemi. Alianza kulala mchana. Wageni walipungua, kwa sababu yeye hakuwaendea, na watu nao huchoka kupanda ngazi thelathini na mbili kumfuata mtu asiyewafuata. Makasi alinunua redio mpya. Mwalimu alimshukuru, akaifunika kitambaa.

Miaka ikawa mitatu tangu Jumamosi ile.

Habari zililetwa na binti yao, aliyekuwa anafanya kazi ofisi ya bima na kuja kuwaona kila Jumapili. Aliingia na mkoba bado begani.

"Mama, kuna mwenzangu kazini, mama yake alikuwa hata chooni anasindikizwa. Sasa hivi anakwenda sokoni mwenyewe. Hawakumpasua! Wanapitisha mrija kwenye mshipa, hapa juu, mpaka kwenye goti..." Akaeleza yote, tundu la sindano, chembe, jioni kurudi nyumbani. Akaeleza vilevile alivyoeleza yule bwana, hata mchanga aliutaja.

Mwalimu aliweka kikombe chini. Makasi alikuwa hajauona uso ule siku nyingi.

"Kitu kama hicho kipo?" aliuliza. "Kipo kweli?"

"Kipo, Mama. Kipo siku nyingi tu. Baba, hapo saluni kwako watu wa kila aina wanapita, hujawahi kusikia?"

"Wateja wanasema mengi," alisema Makasi, akainuka kwenda kufunga dirisha ambalo halikuwa na haja ya kufungwa.

Hospitalini waliingia wote watatu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, asiye na haraka. Alitundika picha za magoti kwenye kioo chenye mwanga, akazionesha kwa kalamu.

"Mama, tazama goti la kulia. Unaiona nafasi hii nyeusi katikati ya mifupa? Imepungua, lakini ipo. Hili tunaweza kulisaidia, na nina matumaini nalo. Sasa hili la kushoto." Kalamu ikasogea. "Hapa nafasi hakuna. Mfupa umekaa juu ya mfupa. Nikiziba vimishipa kwenye goti kama hili, pengine utapata nafuu ya wiki chache, pengine usipate. Nisikudanganye. Hili siku moja litahitaji upasuaji, kuwekewa la bandia."

"Yalianza pamoja," alisema Mwalimu. "Yalikuwa sawa."

"Ninaamini. Huenda ulikuwa unaliegemea hili kulipumzisha lile." Daktari alizima taa ya kioo. "Laiti tungeonana miaka mitatu nyuma, labda tungeyashughulikia yote mawili. Lakini ndiyo hivyo, wengi hawajui kama huduma ipo. Si kosa lako."

Makasi alikuwa ameshika kofia yake mikononi. Aliizungusha, akaizungusha tena. 

Siku ya matibabu Mwalimu aliingizwa saa tatu asubuhi. Hakupewa dawa ya usingizi, walimchoma ganzi kwenye kinena tu, na baadaye alisimulia kwamba aligeuza kichwa akaona goti lake mwenyewe kwenye skrini, na dawa ya rangi ilipoingia mishipa ikatokea kama wino ukidondokea karatasi mbichi. Sehemu moja ilikuwa imejaa wino, kama kichaka. Daktari akamwambia, hicho kichaka ndicho adui yako. Chembe zikamwagwa, kichaka kikafifia, mishipa mikubwa ikabaki. Alihisi joto gotini, basi.

Nje kwenye korido, Makasi na binti yake walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja. Hapo ndipo mlango wa pembeni ulipofunguliwa na mtu akatoka amevaa aproni nzito ya kujikinga na mionzi. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa vibaya upande wa kushoto. Makasi aliona hilo kabla hajauona uso.

"Mzee Makasi!" Yule bwana alifurahi kweli. "Hatimaye umemleta. Nimeona jina kwenye orodha nikasema si bure. Miaka yote mitatu nilidhani shemeji amekataa katakata!"

Makasi alijibu kitu, hakumbuki nini. Yule bwana akamshika bega, akasema kila kitu kinakwenda vizuri, akarudi ndani.

 Mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo, baba na binti wakainua miguu, wakaishusha.

"Miaka mitatu, Baba?"

"Nilisahau."

"Baba."

Hakumtazama. "Sikumwambia," alisema.

"Mama alikuwa bado anafundisha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sitamwambia leo, ametobolewa. Sitamwambia wiki hii. Lakini utamwambia wewe, au nimwambie mimi. Mwezi mmoja nakupa."

Mwalimu alilazwa chali saa chache ili tundu lifunge, na jioni akatoka na plasta ndogo kwenye kinena na alama ya bluu kama ya kujigonga. Siku za kwanza goti lilikuwa zito. Wiki ya pili asubuhi moja aliamka, akashuka kitandani, akafika jikoni, ndipo akakumbuka kwamba hakukaa ukingoni kulikunja. Alisimama pale na sufuria mkononi akilichungulia goti la kulia kama mtu aliyetembelewa na mgeni. La kushoto lilikuwa vilevile. Ngazi alizishuka sasa kwa mbele, mguu wa kulia ukifanya kazi ya miwili, polepole, ila kwa mbele. Akaanza kuimba nyimbo za herufi anapofua.

Kila alipoimba Makasi aliahirisha. Alijiambia kesho. Siku ya ishirini na tisa alifunga saluni saa tisa alasiri, kitu ambacho watu wa benchi hawakuwahi kukiona, akapanda nyumbani. Mwalimu alikuwa anakunja nguo.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema, wewe mtu."

Alilisema. Alilisema vibaya, akianzia katikati, akarudi mwanzo. Yule bwana wa eksirei, ile Jumamosi, Jumatano yoyote asubuhi. Mwalimu aliendelea kukunja shati moja mpaka likawa dogo mno, akalikunjua, akaliweka mapajani.

"Alikwambia lini?" aliuliza. "Kabla sijaacha kazi au baada?"

"Kabla."

"Kabla kwa muda gani?"

"Miezi minane."

Alitikisa kichwa taratibu, akihesabu kitu ambacho hakikuwa miezi. "Darasa lile lilikuwa na watoto kumi na tisa," alisema. "Kulikuwa na mmoja hasemi. Mwaka mzima hasemi, na alikuwa ameanza kuninong'oneza sikioni. Nilipoondoka sijui kama aliendelea." Kisha akauliza, kwa upole uleule aliotumia kuwauliza watoto nani kamwaga rangi: "Kwa nini?"

Angeweza kusema alisahau. Alikuwa na visingizio vitatu, vinne, vyote vizuri, na mdomo wa kuvisema. Akaona hapana.

"Nilitaka ukae nyumbani," alisema. "Niliona magoti yatakuleta."

"Yamenileta kweli nyumbani."

"Nisamehe."

"Nimekusikia," alisema Mwalimu. Akachukua shati jingine.

Hakumfukuza, hakupiga kelele, hakuwaita ndugu. Makasi alitamani angefanya hata kimoja. Mwalimu aliendelea kumpakulia, kumwamsha, kumwambia vifungo vyake havijafungwa. Lakini alikuwa anazungumza naye kama alivyozungumza na wazazi wa wanafunzi wake: vizuri, kwa heshima, na mlango nusu wazi. Zamani akiwa na jambo alimwita "wewe mtu". Tangu siku ile akawa anamwita "baba watoto" moja kwa moja, kama jina la kwenye bahasha.

Mwezi uliofuata alikwenda shuleni mwenyewe. Darasa lilikuwa na mwalimu mpya, kijana, mzuri, na nafasi haikuwepo. Wakakubaliana aje Jumanne na Alhamisi kuwasomea watoto hadithi, kwa muda wa saa moja tu, kwenye kiti cha watu wazima. Makasi alijitolea kumsindikiza. "Nyoa wateja wako," aliambiwa. Siku hizo kupitia mlango wa kioo alimwona anapita upande wa pili wa barabara, akichechemea kidogo kushoto, kitabu kwapani, bila kugeuka. Mashine ilikuwa inabaki hewani mpaka apite. Mteja akikohoa ndipo anakumbuka.

Jioni moja akamuuliza kuhusu yule mtoto aliyekuwa hasemi. Mwalimu alisema familia yake ilihama, hakuna ajuaye walikwenda wapi.

Na benchi nalo likabadilika. Hakuna aliyemwambia aache utani wa magoti. Ulimwishia tu, na pamoja nao ukaisha utani mwingine ambao haukuwa na kosa. Watu waliokuja kwa ajili ya maneno walipungua. Waliobaki walikuwa wale wenye nywele.

Habari za goti la kushoto alizipata kwa binti yake, Jumapili, wakati Mwalimu yuko jikoni. Mama amekubali upasuaji, tarehe imepangwa, wamekwenda mama na binti kumwona daktari siku ya Ijumaa. Mwalimu, ambaye siku zote aliogopa kisu kuliko kitu chochote duniani, alikuwa ameulizia mwenyewe goti la bandia linadumu miaka mingapi.

Makasi alikwenda jikoni, akasimama mlangoni.

"Nimesikia kuhusu tarehe," alisema. "Nije?"

Mwalimu alikuwa anasuuza vikombe. Alisuuza viwili zaidi.

"Ukitaka," alisema.

Alitaka. Siku hiyo saluni haikufunguliwa kabisa. Alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mikunjo imebaki kwenye kola, akakaa kwenye viti vile vya plastiki tangu saa moja asubuhi, binti yake pembeni yake, kiti kimoja wazi katikati yao.  Saa sita na nusu muuguzi alitoka, akatazama karatasi yake, akauliza ni nani amekuja na Mwalimu. Binti alisimama. Makasi naye alisimama, hatua moja nyuma yake, akangoja kuona kama wataitwa wote wawili.